Wametuletea jezi, hatuna pa kuchezea

Leki yangu ana miaka kumi na tatu. Jezi anayovaa akienda kucheza mpira ina uso wa mgombea mmoja wa uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023. Uso wenyewe umefutika kwa sabuni na jua. Imebaki miwani, nambari ya kandida, na neno moja la Kifaransa: Loisirs. Bwana huyo alikuwa anatafuta kiti katika baraza la komini. Kiti hakukipata, lakini jezi zilifika, na katika jambo hilo hakutudanganya. Kilichopotea ni kiwanja.

Kiwanja chetu hakikuwa na jina kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona. Sisi tulikiita Kwa Miembe, kwa sababu ya miembe miwili iliyosimama nyuma ya goli moja. Wakati wa mvua, mpira ukipaa juu ya goli, golikipa alikuwa anaokota maembe kwanza ndipo aokote mpira. Siku ya Mungu asubuhi kanisa moja lisilo na jengo lilisalia hapo. Mchana ilikuwa ligi ya kartye. Wasichana walikuwa na upande wao wa kuchezea nzango, na kando ya njia wazee walicheza dama kwa vifuniko vya chupa, Simba upande mmoja na Fanta upande wa pili. Kilio kikitokea katika parsele ndogo isiyoweza kupokea watu, turubai lilisimamishwa Kwa Miembe. Nyimbo nilizozisikia hapo usiku ndizo zilizonileta katika kitivo hiki: mama mmoja anaanza kwa Kisanga, mwingine anajibu kwa Kiluba, na sisi watoto pembeni tunachekeshana kwa Kiswahili mpaka tufukuzwe.

Katika kiangazi cha 2024 walikuja watu wenye kamba na mawe ya mipaka. Walipoulizwa, walionyesha karatasi yenye muhuri wa ofisi moja. Leo nusu ya kiwanja ina ukuta wa matofali ya saruji na mlango wa chuma, na mwembe mmoja uko ndani ya ukuta. Kwenye nusu iliyobaki watoto wanacheza sita kwa sita, kati ya ukuta na mtaro wa maji machafu, ndani ya jezi nzuri.

Ninaandika kwa ajili ya nusu hiyo iliyobaki. Lakini nitapitia kwenye sarufi, kwa sababu ndicho kitu ninachosomea, na kwa sababu naamini kwamba katika sarufi ya kampeni tungeweza kuona mapema kilichokuwa kinatujia.

Tukumbuke kidogo. Kura ile ya 2023 ndiyo ya kwanza, tangu Katiba ya 2006, ambayo wananchi walichagua wenyewe washauri wa komini, tena katika komini za miji mikuu ya majimbo peke yake. Nchi nzima walijitokeza wagombea zaidi ya 31.000 kwa viti hivyo. Hapa Lubumbashi, mji wa komini saba, kila ukuta ulikuwa na sura ya mtu. Wagombea wa urais walizungumzia Rwanda, madini na pesa. Wale wa komini walikuwa watu tunaowajua: mwenye duka la dawa, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mchungaji, kijana mwenye depo ya bia. Kwa kuwa hawakuwa na jeshi wala madini ya kuahidi, wengi wao waliahidi michezo na utamaduni. Ilikuwa kampeni yenye ngoma nyingi.

Mimi nilikuwa na daftari. Nilikuwa natafuta mifano kwa ajili ya kazi ndogo juu ya minyambuliko ya vitenzi katika Kiswahili cha Lubumbashi, na mkutano wa kampeni ni shamba zuri kwa kazi hiyo, maana mtu anaongea kwa saa nzima bila kusoma karatasi. Niliandika kila sentensi yenye neno la michezo, ngoma, muziki, vijana au utamaduni. Nikirudi nyumbani nilipiga mstari chini ya kitenzi. Nawaletea hapa baadhi yake, nikiwa nimezivika Kiswahili sanifu kwa ajili ya wasomaji wasio wa kwetu: nitawaletea mipira, nitawapatia jezi, nitawanunulia vyombo vya muziki, nitawajengea uwanja wa kisasa, nitawafanyia tamasha, nitawatafutia mfadhili wa timu.

Wenzangu wa promosyo wameshaona. Karibu zote ni kauli ya kutendea. Mtenda ni yeye, peke yake, nafsi ya kwanza umoja. Sisi ni kile kiambishi kidogo -wa- kilichokaa katikati ya kitenzi, kinachopokea. Hatutendi kitu. Hatukuwa na hata sentensi moja ambayo ndani yake watu wa kartye walikuwa wanafanya jambo, na mshauri wa komini akiwa upande wao.

Lakini kauli ya kutendea, tunavyofundishwa, haina kazi moja. Inaonyesha anayetendewa, sawa. Inaonyesha pia chombo na mahali: kisu cha kukatia, chumba cha kulalia, pa kuchezea. Kwetu tunasema fasi ya kuchezea, na kila mtoto wa Katuba au Ruashi anaelewa. Katika daftari langu lote, kazi hii ya pili haipo. Anayepewa yupo, kinachotolewa kipo, mtoaji ndiyo kabisa yupo. Mahali hapapo. Hata ule "uwanja wa kisasa" hakuna aliyesema utasimama juu ya udongo gani.

Kuna kauli nyingine iliyokuwa nyingi, ile ya kutendesha. Kuchezesha vijana. Kuimbisha akina mama. Kukusanyisha watu. Katika mkutano mmoja kikundi cha ngoma kililetwa kwa lori kutoka nje ya mji, wakacheza dakika tano juani, kisha mwenye kipaza sauti akawaambia basi, inatosha, kandida anataka kuongea. Wakapanda lori. Nilikuwa na swali moja tu kwa yule mzee wa ngoma kubwa, juu ya jina la mdundo alioupiga, na sikumfikia. Katika muhtasari wa kampeni ile, dakika tano hizo ziliitwa "kuinua utamaduni wetu".

Msinielewe vibaya juu ya jezi. Mtoto aliyechezea kaptula ya shule miaka yote anajua jezi ni nini, na leki yangu aliilalia usiku wa kwanza. Na si jambo la juzi. Timu kubwa ya mji wetu, iliyoanzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges, ilikuja kuitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, na kwa jina hilo ilichukua kombe la Afrika 1967 na 1968. Baadaye, ikiitwa tena TP Mazembe, rais wake Moïse Katumbi alikuwa wakati huohuo gavana wa Katanga, tangu 2007 mpaka 2015, na uwanja wao wa Kamalondo ulifunguliwa 2011. Yaani hapa kwetu mpira, biashara na siasa vinalala katika nyumba moja tangu zamani. Anayegombea kiti cha komini na kugawa jezi kumi na nane anaiga wakubwa kwa kipimo cha mfuko wake. Tofauti ni kwamba uwanja wa Kamalondo una mwenyewe anayejulikana na karatasi zake. Kwa Miembe palikuwa pa nani?

Hapo ndipo lugha inapoanza kuuma.

Ukimuuliza mtu yeyote wa kartye yangu, atakujibu: kiwanja ni cha Leta. Neno hili Leta tumelifinyanga kutoka Kifaransa zamani sana, na tunalitumia kwa serikali, kwa askari, kwa ofisi, kwa kila kitu chenye muhuri. Kitu kikiwa cha Leta, maana yake si changu wala chako. Kwa hiyo anapokuja mtu wa Leta na karatasi ya Leta, nani atabisha? Walipokuja wenye kamba, Papa mmoja anayechunga magoli yetu tangu mimi sijazaliwa aliuliza, "Batoto batachezea wapi?" Wakamjibu kwamba ardhi ni ya Leta na Leta imeshaamua. Akanyamaza. Tuliokuwepo wote tulinyamaza, na mimi nikiwemo, mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa sababu jibu lile kwa Kiswahili chetu lilikuwa halina kasoro.

Kwa Kifaransa cha sheria lilikuwa na kasoro kubwa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inagawa ardhi ya Leta mafungu mawili. Liko fungu ambalo Leta inaweza kumpa mtu kwa mkataba, akajenga, akalipa, ikawa parsele yake. Na liko fungu la ardhi iliyotengewa matumizi au huduma ya watu wote. Hiyo ya pili, kifungu cha 55 kinasema haiwezi kutolewa kwa mtu mpaka kwanza iondolewe kwa taratibu katika matumizi hayo. Kwa hiyo mbele ya wale wenye kamba kulikuwa na maswali mawili, mepesi kabisa. Kiwanja hiki kiko katika fungu gani? Kama ni la pili, iko wapi karatasi ya kukiondoa? Hatukuuliza, kwa sababu mafungu yote mawili katika vinywa vyetu yana jina moja. Neno Leta limemeza tofauti ambayo ndiyo ilikuwa ukuta wetu pekee.

Sisemi kwamba tungeshinda. Huenda karatasi ya pili ingetoka mfukoni siku ileile, ikiwa na wino mbichi. Lakini ingebidi itengenezwe, na anayetengeneza karatasi ya uongo anaogopa zaidi ya yule ambaye hakuulizwa kitu.

Sasa turudi kwa wagombea. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008, inayopanga kazi za miji, komini, sekta na sheferi, inalipa baraza la komini neno katika mambo ya komini yenyewe: masoko, barabara ndogo, usafi, na sehemu ambazo watu wanapumzikia na kuchezea. Mshauri wa komini hawezi kujenga uwanja wa kisasa. Hana pesa hizo, na aliyetuambia atajenga alijua au alipaswa kujua. Lakini anaweza kufanya kazi ambayo haina tamasha: kutembea komini yake na kuandika kila kiwanja, kila bustani, kila ukumbi wa zamani wa kampuni au wa misheni uliofungwa, kuomba ofisi ya ardhi iseme kwa maandishi kila kimoja kiko katika fungu gani, kusomesha orodha hiyo katika kikao cha baraza ili iingie kwenye ripoti, kuibandika mlangoni mwa komini. Huo ndio mpango wa michezo na utamaduni ninaoweza kuupigia kura. Gharama yake ni karatasi, viatu, na maadui wachache.

Najua nitaulizwa: katika komini ambayo maji hayatoki na umeme unakatika kila jioni, nani ana muda wa kufikiria dama na nzango? Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniuliza hivyo, na hakuwa anatania. Jibu langu la kwanza ni kwamba maji na umeme haviko mkononi mwa mshauri wa komini, na kiwanja kinaweza kuwa. Jibu la pili ni leki yangu. Watoto waliopoteza nusu ya Kwa Miembe hawakuacha kucheza. Wamehamia barabarani, mbele ya malori. Watu hawapunguzi michezo kwa sababu wamekosa mahali, wanaichezea pabaya.

Juu ya pesa pia watu husema, na wana haki. Sheria hiyohiyo ya 2008 inataka asilimia 40 ya sehemu ambayo jimbo linapata kutoka mapato ya taifa ishuke mpaka kwenye miji, komini, sekta na sheferi. Anayefuata habari anajua jinsi retrosesyo inavyochelewa au kupotea njiani. Lakini sijaona kwamba umaskini wa komini uliwahi kumzuia mtu kuuza kiwanja. Umaskini huo mara nyingi ndio unaotolewa kama sababu.

Mpaka hapa nimesema michezo zaidi ya utamaduni. Ni kwa makusudi, kwa sababu naona ni kitu kimoja: vyote viwili vinahitaji fasi. Mji huu una mfano wake mkubwa. Jengo la Juni 30, lile lenye umbo la ajabu ambalo wageni wote wanalipiga picha, lilichorwa na Claude Strebelle na kujengwa miaka ya 1950 liwe ukumbi wa michezo ya kuigiza. Leo ni makao ya wabunge wa jimbo. Mtu akiniambia Lubumbashi haina ukumbi wa teatri, namjibu kwamba unao, na maonyesho yanaendelea.

Na watu wa kawaida, ambao ukumbi ule wa wazungu haukujengwa kwa ajili yao, walitafuta mahali pengine. Katika komini ya Kenya walizaliwa Jecoke, vijana wachekeshaji wa Kenya, ambao jina la komini yao limo ndani ya jina la kikundi. Baadaye kikundi cha Mufwankolo kilichekesha nyumba za Katanga nzima kupitia redio na televisheni, kwa Kiswahili chetu kile kinachoitwa kibaya na walimu wa shule. Mwaka 1981 Walter Schicho, pamoja na Mbayabo Ndala, walichapisha Vienna kitabu cha matini za kikundi hicho. Mwaka 1986 Johannes Fabian alifuata mazoezi ya mchezo wao mmoja juu ya mamlaka na jinsi yanavyoliwa, na kitabu chake kilitoka Marekani mwaka 1990. Kwa hiyo mwanafunzi wa Vienna anaweza kwenda kusoma walichosema babu zetu jukwaani. Katika komini yangu sijaona rafu hata moja yenye kitabu hicho, wala mgombea hata mmoja aliyelitaja jina la Mufwankolo, na huku kila mmoja akiahidi kuinua utamaduni. Unainua kitu gani kama hukijui kwa jina?

Katika daftari langu kuna ukurasa mmoja tofauti. Alikuwa mama anayeuza mboga sokoni, mgombea wa chama kidogo, hakuwa na lori wala kipaza sauti. Alikusanya watu kama thelathini chini ya mwembe ule ambao sasa uko ndani ya ukuta. Kijana mmoja alimuuliza atatuletea nini sisi wa timu. Akafikiri, kisha akasema: sijui kiwanja hiki kina karatasi gani, twende pamoja tukaulize. Watu walicheka. Mimi niliandika sentensi hiyo kwa sababu ya umbo lake peke yake. Ilikuwa na "sijui", ambayo sikuwahi kuiona katika kampeni, na vitenzi viwili vya "tu-". Sikuelewa uzito wake. Nilikuwa natafuta minyambuliko, sikuwa natafuta mshauri wa komini. Na nitakiri hapa, kwa kuwa nimewahukumu wengine: sikumpigia kura. Nilimpigia mtu wa jezi, kwa sababu leki yangu alikuwa ameniomba.

Kampeni nyingine itakuja. Kabla haijafika, nadhani kitivo chetu kina kazi ambayo haiwezi kufanywa na kitivo cha sheria peke yake. Katiba, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, inataja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na kusema Leta itaziendeleza bila ubaguzi. Sawa. Lakini sheria zinazosema kiwanja ni cha nani zinatufikia kwa Kifaransa, na Leta haijatuletea tafsiri. Hapo nimetumia kauli ya kutendea mimi mwenyewe, naona. Basi tutafsiri sisi.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kurasa tatu au nne: vifungu vya sheria ya 1973 na ya 2008 vinavyohusu ardhi ya wote na kazi za baraza la komini, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Katuba anaweza kukisoma kwa sauti bila aibu. Tuna walimu wanaojua istilahi kuliko mtu yeyote katika jimbo hili, nao wanatufundisha kwa uvumilivu jinsi istilahi zinavyoundwa kwa fizikia na kompyuta. Kwa heshima yote ninawaomba tuzigeuze kazi zetu za mwaka kuelekea huku kwa muhula mmoja. Kuna maswali halisi ya lugha ndani yake. Tufanye nini na neno Leta: tulipasue mara mbili, "ya Leta ya kugawa" na "ya Leta ya wote", au tuliache na kutafuta lingine? Kitendo kile cha kuiondoa ardhi katika matumizi ya watu, ambacho Kifaransa kinakisema kwa neno moja, sisi tutakisemaje? Kuivua? Kuifuta? Wenzetu wa Kitivo cha Sheria watatuangalia tusikosee maana, nasi tutawaangalia wasituandikie Kifaransa chenye viambishi vya Kiswahili.

Mimi nimeshajaribu kifungu cha 55. Nilikiandika kwenye karatasi, na Jumamosi iliyopita nikaenda nacho Kwa Miembe, kwenye nusu iliyobaki, ambako wazee wa dama wamehamisha meza yao karibu na mtaro. Nikawasomea: ardhi iliyotengewa matumizi ya umma haiwezi kupewa mtu mpaka iondolewe kwanza kwa utaratibu katika matumizi hayo. Wakaniomba nirudie. Papa wa magoli alisikiliza akiwa ameshika kifuniko chake hewani, mchezo umesimama.

"Umma njo nani?" akauliza.

Nikamwambia ni sisi, ni watu wote.

"Basi andika ya wote. Umma iko Kiswahili ya redio."

Nikafuta, nikaandika ya wote. Akachukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati, kisha akamla mwenzake vifuniko viwili.